Mzungu Aliyetuzwa kwa Kufa

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumanne, lifti ya jengo moja la makazi kule Lewisham, London, ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na ndani yake mlikuwa na mtu mmoja. Mimi ni fundi wa lifti. Nilipigiwa simu, nikafika, nikapanda ngazi, nikagonga mlango wa ghorofa ya nne kumjulisha aliyemo kwamba msaada umekuja. Watu waliokwama kwa kawaida hunijibu kwa matusi au kwa kilio. Huyu alijibu kwa sauti nzito iliyopangwa vizuri, kana kwamba nyuma yangu walikuwepo watu mia tano waliokata tiketi ili wamsikie.

"Usiharakishe, rafiki yangu," alisema. "Nimewahi kungoja zaidi ya hapa, kwa malipo madogo zaidi."

Nilipomtoa nikaona mzee Mwingereza mrefu, mwenye koti la sufu lililochakaa viwikoni. Uso wake niliujua lakini sikujua nimeujulia wapi. Niliukodolea macho, naye akatabasamu kama daktari anayeona ugonjwa alioutarajia.

"Polisi?" aliuliza.

"Samahani?"

"Au kasisi? Watu wengi wananikumbuka kwa kasisi. Au yule jaji mwenye kikohozi. Mimi ni mwigizaji."

Hivyo ndivyo nilivyofahamiana na mtu wa kwanza wa sanaa katika maisha yangu, na tangu siku hiyo heshima yangu kwa sanaa haijapanda.

Niliacha shule kidato cha nne huko Nakuru. Yote niliyojifunza baadaye nimejifunza mwenyewe kwenye maktaba za mji huu, na nina tabia moja ambayo mke wangu huiita ugonjwa: nikikutana na jambo nisilolijua, silali mpaka nimelifuata hadi mwisho wake. Kwa hiyo nilimfuata mzee yule. Nilitafuta kila filamu na kila tamthilia ya runinga aliyoonekana, nikazitazama jioni baada ya kazi, moja baada ya nyingine.

Alianza ujanani katika kikundi cha maigizo cha mikoani, kazi yake ikiwa kuingia na sinia na kutoka bila sinia. Kisha akapanda daraja, akaja London, akakaa miaka katika ukumbi mkubwa akiwa mwigizaji wa akiba. Maana yake ni kwamba alilipwa ili akae chumba cha nyuma akingoja mwenzake augue, na mwenzake hakupata hata mafua. Baada ya hapo wakamhamishia kwenye runinga. Huko akawa kasisi, jaji, daktari wa pili, meneja wa benki, kanali mstaafu, kasisi tena. Sentensi zake zilikuwa za kazi ya mlango: mgeni amefika, mgonjwa ameamka, farasi wako tayari. Waingereza wana jina la heshima kwa watu wa aina yake. Huwaita waigizaji wa wahusika, kana kwamba waigizaji wengine huigiza meza.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa kufa. Alikufa kwa sumu, kwa risasi, kwa kusukumwa ngazini, na mara moja kwa nyuki. Daima alikufa mapema, ili mtu mwenye uso mzuri kuliko wake apate jambo la kuchunguza. Nikiwa mtu wa utaratibu, nikagundua kwamba vifo vyote vilikatwa mahali pamoja. Alikuwa anaanza vizuri, mkono unatafuta ukuta, mdomo unatafuta neno, halafu picha inamwacha na kwenda kwenye uso wa mwigizaji mkuu anayeshtuka. Picha ikirudi kwake, amekwisha kufunikwa shuka.

Niliporudi kukagua lifti nilimweleza jambo hilo. Alinishika mkono.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Miaka hamsini," alisema, "sijawahi kuachiwa nimalize."

Machozi yalimlengalenga. Mtu mzima, mwenye nyumba yenye joto na pensheni, analia kwa sababu hakuruhusiwa kufa kwa kirefu. Nilimwona wa ajabu wakati ule na bado namwona hivyo.

Sasa niseme kuhusu darasa, kwa sababu darasa ndilo lililonifanya nimwingize mzee huyu kwa watu wetu.

Kila Jumamosi asubuhi, katika chumba cha kukodi pale Barking, nilikuwa nikifundisha Kiswahili watoto wa jumuiya yetu ya Wakenya. Ni watoto waliozaliwa hapa. Ukiwaambia walete maji wanaleta maji, lakini ukiwauliza jina la bibi yao wanakujibu Kiingereza. Nilikuwa nimeanza na watoto wanne na sasa walikuwa darasa zima, na baadhi yao walikuwa wameanza kuongea na bibi zao kwenye simu bila kumpa mama simu amalizie. Mimi nilikiona kitu hicho kuwa kikubwa. Wazazi walikisifu sana, mradi tu hawakuombwa kukilipia. Kodi ya chumba kwa muhula ilikuwa pauni mia tisa, na ililipwa kabla muhula haujaanza. Muhula uliotangulia nilikuwa nimetoa mfukoni mwangu, na mke wangu alikuwa ameniambia kwa upole, akinitazama usoni, kwamba hatarajii kuona hilo tena. Mwenye jengo naye alikuwa ameshatutangazia: tusipolipa ifikapo Jumatatu, chumba kinakwenda kwa kikundi cha dansi ya kupunguza unene, ambacho pesa zake ziko tayari.

Kwa hiyo jumuiya ikaamua kufanya harambee siku ya Jumamosi. Na harambee, kama kila Mkenya ajuavyo, haifanyiki bila mgeni rasmi.

"Tunahitaji mtu," alisema mwenyekiti wetu kwenye kikao, nami nikiwa katibu. Huyu ni mama muuguzi, mwenye sauti ya kuamsha wodi. "Mtu ambaye watu watatoka nyumbani kumwona."

"Kuna watoto," nikasema. "Wataimba. Watasoma walichoandika."

"Katibu, tuambizane ukweli. Wewe na watoto wako mkisimama, watu wanaenda kula."

Wanakamati wakacheka. Mwaka uliotangulia tulimwalika diwani, akatoa hotuba ndefu na kikombe chenye nembo. Mwaka huu walitaka Mzungu, ila Mzungu anayejulikana. Mtu mmoja akasema Mzungu wa runinga ndiye hasa, maana hata wale Wahindi wetu wa Southall watakuja. Nikajikuta nimesema kwamba namjua mmoja. Nilipowaonyesha picha yake kwenye simu, mwenyekiti aliruka.

"Kasisi! Huyu si yule kasisi aliyepewa sumu kwenye keki?"

Watu waliokuwa wakisinzia wakaamka. Hapakuwa na hata mmoja aliyejua jina lake, lakini wote walikuwa wamemwona akifa.

Nilimweleza mzee mambo yote waziwazi. Hakuna malipo. Tutampa usafiri na chakula. Atakaa meza ya mbele, atasema maneno mawili matatu kuhusu elimu, kisha watu watachanga. Alisikiliza akikuna kidevu.

"Je, naweza kufanya kipande badala ya hotuba?"

"Kipande gani?"

"Kuna tamthilia moja niliyocheza zamani. Ilifungwa kabla ya majuma mawili kwisha. Mtumishi mzee anapigwa risasi iliyokusudiwa bwana wake. Walinikatia kile kifo kikawa kifupi, lakini maneno yote ninayo kichwani."

Nikasema sawa. Nilidhani watu watavumilia kidogo, watapiga makofi ya adabu, kisha tutaingia kwenye changizo. Nilikuwa nimepanga ratiba kwa uangalifu: watoto, chakula, mgeni, changizo.

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko nilivyowahi kuuona. Harufu ya pilau ilifika barabarani. Muuza vitambaa wa Southall, Kalasinga mzaliwa wa Nairobi anayeongea Kiswahili cha Ngara vizuri kuliko Kipunjabi, alileta spika na masinia mawili ya bhajia. Shangazi mmoja wa Mombasa, ambaye si shangazi yangu ila kila mtu humwita hivyo, alikuja na kundi lake la akina mama wa pwani, wamejitanda, wamejifukiza, wamekaa safu ya mbele kama wenye harusi.

Watoto wakasoma. Msichana mmoja alisoma barua aliyomwandikia babu yake huko Machakos, Kiswahili chake kimenyooka, hakuna pa kushika. Nilikuwa nimesimama kando nikisogeza midomo pamoja naye. Nyuma yangu mwanamume mmoja alikuwa akiuliza kama kachumbari imekwisha.

Kisha mgeni rasmi akasimama. Alivua koti akalikunja juu ya kiti. Hakusema neno juu ya elimu. Alisogea katikati ya sakafu, akanyanyua sinia tupu la bhajia akaliweka mkononi kama mtumishi, na mara mgongo wake ukazeeka mbele ya macho yetu. Hilo nakiri alilijua. Halafu risasi isiyokuwepo ikampata, na sinia likaanguka kwa kishindo.

Waliokuwa wakila waliacha.

Alianza kufa. Mkono ulitafuta ukuta, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mbali, ukaipata meza ya wageni. Alizungumza na bwana wake asiyekuwepo, kwa Kiingereza cha zamani ambacho nusu ya watu hawakukifuata, na hawakujali.

"Mpeni maji!" mtu akapaza sauti.

"Maji ya nini, mtu amepigwa risasi!"

"Mzee, shika meza!" Kalasinga akapiga kelele. "Shika meza, usianguke bado!"

Nusu ya watu ukumbini ni wauguzi na walezi wa wazee. Kifo wanakijua kwa kukiosha, nao walikuwa na maoni.

"Huyo hapumui vizuri," mmoja alisema. "Risasi ya tumbo haifanyi hivyo."

"Ya kifua hiyo. Mwangalie midomo."

Mwenyekiti wetu alikuwa ameshasimama, na nilimwona kwa macho yangu akimshika mzee kifundo cha mkono kutafuta mapigo ya moyo, kisha akakumbuka alipo, akarudi kukaa huku akifuta mikono kwenye gauni lake.

Mzee akapiga magoti. Akasema jambo kuhusu mama yake. Hapo shangazi wa Mombasa akainuka. Alipiga kigelegele kilichonipasua masikio, akatembea kwa madaha hadi katikati ya sakafu, akamzunguka mzee mara moja, akatoa noti ya pauni ishirini kifuani mwake na kuichomeka kwenye ukosi wa shati la anayekufa.

Alikuwa anamtuza. Kwao pwani, mwimbaji akikuchoma moyo unakwenda mbele na pesa zako mkononi, unampa mwenyewe, watu wakikuona. Hiyo ni sifa kwake na ni sifa kwako.

Mwigizaji alifungua jicho moja. Alitazama noti. Nadhani kwa sekunde hiyo ndipo alipoelewa kwamba hakuna kamera ya kumwacha. Akajivuta, akasimama tena kwa kutetemeka, na akaanza kufa upya, polepole zaidi.

Akina mama wa pwani wakafuata mmoja mmoja, kwa mwendo wa kucheza. Halafu watu wa bara, ambao nyumbani kwao desturi hiyo haipo, wakaona haya kubaki nyuma. Wakapanga foleni. Watu ambao kwa miezi mitatu walinijibu kwamba mambo ni magumu, kwamba kodi imepanda, kwamba nisubiri mwisho wa mwezi, niliwaona wakimbandika noti mzee kwenye paji la uso, mifukoni, hata kwenye kamba za viatu. Kalasinga alimwekea ya hamsini mdomoni. Mzee aliitafuna kidogo ukingoni, ikawa sehemu ya uchungu wa kufa, na watu walilia kwa kicheko na wengine walilia kweli. Kila alipodhaniwa amekata roho, mguu ulicheza, na mguu ukicheza noti nyingine ilidondoka.

Alipokufa kabisa, ukumbi mzima ulisimama.

Mwenyekiti akachukua maikrofoni haraka. "Sasa, ndugu zangu, tunaingia kwenye shughuli iliyotuleta. Kikapu kinapita. Tuwakumbuke watoto wetu."

Kikapu kilipita. Nilikifuata kwa macho kutoka meza hadi meza. Kilipokelewa, kikatazamwa, kikapitishwa.

"Katibu, si tumeshatoa?" mwanamume mmoja aliniambia, mfuko wake wa suruali umetolewa nje kama ushahidi.

"Mmempa mgeni. Darasa bado."

"Basi mwambie maiti akukopeshe."

Meza nzima ilicheka. Ndani ya kikapu tulikuta pauni mia moja thelathini na moja. Mwenyekiti alininong'oneza mlangoni, akiwa amevaa tabasamu la kuaga wageni: "Unampeleka wewe nyumbani. Zungumza naye njiani. Ni Mwingereza, ataelewa."

Shangazi wa Mombasa anaishi Lewisham karibu na soko, kwa hiyo naye akapanda, akakaa nyuma na vyombo vyake. Mzee alikaa mbele. Kabla hatujafika kwenye handaki la kuvuka mto alikuwa ametoa noti zote na kuzipanga mapajani, sura zote upande mmoja, akinyoosha zilizokunjamana. Hesabu yake ilikuwa pauni mia saba tisini na tano.

"Unajua," alisema, "hakuna watazamaji waliowahi kupanda jukwaani kuja kwangu. Hata kwa bahati mbaya."

Nikamwambia. Nilimpa mambo kwa mpangilio: kodi ni kiasi gani, kikapu kilikuwa na kiasi gani, Jumatatu kuna nini, na kwamba watu walitoka majumbani mwao na pesa hizo kwa ajili ya darasa. Nilimwambia kwamba alizo nazo mapajani, zikijumlishwa na za kikapu, zinatosha na zinabaki.

Tulipotoka handakini akanigeukia.

"Nikuulize kitu, nawe unijibu kweli, maana wewe ni mtu wa uhakika. Yule bibi wa kwanza. Alipokuja na pesa yake, alikuwa anaipa shule, au alikuwa ananipa mimi?"

Nyuma, shangazi aliniuliza, "Asemaje?"

"Anauliza pesa uliyompa ilikuwa ya nani."

"Yake! Ya nani tena? Mwambie."

"Shangazi, watoto hawatakuwa na mahali pa kusomea. Mwambie wewe umekubali airudishe, na wenzako watakubali."

"Mimi nimwambie arudishe tuzo?" Aliisogeza sufuria yake kwa hasira. "Mwanangu, una akili wewe? Mtu nimemtuza mbele ya watu, kisha nimfuate garini nimpokonye? Wataka nisemwe Mombasa nzima? Hiyo pesa ya watoto wako ungeiomba kwa mwendo mzuri kama wake, ungepewa. Wewe huomba kama askari wa kodi."

Ningeweza kumdanganya mzee. Shangazi hakuelewa Kiingereza cha kutosha kunikanusha, na mzee hakuelewa Kiswahili. Nilipofikia taa nyekundu nilikuwa na sentensi kamili mdomoni: anasema ni ya shule. Nikaitazama, nikaiona ni ya uongo.

"Alikupa wewe," nikasema.

"Na wengine?"

"Wengine pia."

Alitikisa kichwa taratibu, kama jaji wake mwenye kikohozi, akazirudisha noti kwenye mfuko wa ndani wa koti na kufunga kifungo. Hakuona haya hata kidogo, wala sikumwona na furaha ya mwizi. Alikuwa na uso wa mtu aliyelipwa deni la zamani na watu wasiohusika.

Mlangoni kwake aliinama kwenye dirisha la gari, akamshukuru shangazi kwa kumbusu mkono, na shangazi akacheka kama msichana. Kisha mzee akanipa mimi noti ya pauni kumi.

"Ya petroli," alisema. "Nisingependa utoke na hasara."

Jumatatu nilimpigia simu mwenye jengo. Jioni nilikwenda Barking kuchukua ramani ya ukutani, kamusi na sanduku la kalamu. Wanawake wa dansi walikuwa wameshaingia na muziki wao, mmoja akanishikia mlango nitoke na mzigo. Ile kumi niliiweka pamoja na mia moja thelathini na moja za kikapu. Mwenyekiti alisema haikuwa busara kuziweka kwa ajili ya darasa lisilokuwepo, kamati ikazitumia kulipia kuoshwa kwa zulia la ukumbi na sufuria zilizopotea. Msichana wa barua sasa Jumamosi anakwenda kuogelea. Nilikutana naye na mama yake sokoni, nikamsalimu kwa Kiswahili, akanijibu Kiingereza, kwa adabu.

Nimeshaulizwa mara nyingi harambee ile ilitupotezea nini, na kwa kawaida wanaouliza ni walewale waliosimama kwenye foleni. Toa ile kumi ya petroli, jibu ni pauni mia saba themanini na tano.